Kusoma polepole katika siku za haraka

Wavuvi wetu wa Uvira wanatufundisha jambo moja. Usiku usio na mwezi wanaingia ziwani na taa zao. Wakifika mahali pao, wanatulia. Ndagala wanakuja kidogo kidogo chini ya mwanga, hata wanakuwa wengi, ndipo wavu unapandishwa. Mvuvi anayehamahama na taa yake usiku kucha atarudi asubuhi na mtumbwi mtupu.

Tunaona kwamba wengi wetu leo tunasoma sawasawa na mvuvi huyo anayehamahama. Telefoni iko mkononi tangu kuamka hata kulala. Tunasoma habari za vita, habari za mpira, sala aliyotutumia rafiki, tangazo la kilio, kisha vita tena. Macho yamesoma sana; moyo haukupata kitu. Hatusemi kwamba telefoni ni mbaya. Inaweza kubeba Biblia nzima na Breviari nzima, na kwa katekista wa milima ya Itombwe asiye na vitabu hiyo ni neema kubwa. Ubaya si wa chombo. Ni wa haraka yetu.

Haraka hiyo inadhuru kwanza kundi tulilopewa. Sisi wenyewe tulipata haya siku moja. Tulihubiri Dominika kwa maneno matamu ya mtakatifu fulani, tuliyoyapata katika telefoni siku ya posho jioni. Nyuma ya Misa mzee mmoja, katekista, alitukaribia kwa heshima akauliza: “Padri, maneno yale yanaandikwa ku kitabu gani? Nataka kuwafundisha wakatekumeni.” Tulitafuta siku nyingi, hatukuyaona popote. Ikatupasa kumrudia mzee na kumwambia asiyafundishe. Alikuwa tayari kupanda mbegu ambayo sisi hatukujua inatoka shamba gani.

Je, wazee wetu katika Eklezia walisoma namna gani? Mtakatifu Benedikto, katika kanuni aliyowaandikia wamonaki wake katika karne ya 6, sura ya 48, aliigawa siku: saa za kazi ya mikono, na saa za kusoma mambo ya Mungu. Wakati wa Kwaresima kila mmoja alipewa kitabu, akisome chote kwa mpango tangu mwanzo. Mzee mmoja ao wawili walizunguka saa za kusoma, kuangalia kama hakuna ndugu mvivu anayepiga domo. Basi hata pasipo telefoni watu walikimbia kitabu! Kutulia hakukuanza jana kuwa kazi ngumu.

Katika karne ya 12 Guigo wa Pili, mkuu wa wamonaki wa Chartreuse kule Ufaransa, alieleza ngazi yenye vipandio vinne: kusoma, kutafakari, kusali, na kumtazama Mungu. Anayesoma kwa haraka anabaki ku kipandio cha kwanza. Wafugaji wa uwanda wa Ruzizi wanalifahamu jambo hili bila kufundishwa. Ng'ombe hula majani, halafu hulala kivulini na kucheua. Mfugaji akiona ng'ombe hacheui, anajua kwamba ni mgonjwa. Na msomaji asiyecheua, ni nani atakayeona ugonjwa wake?

Tarehe 17 mwezi wa 7 mwaka 2024, marehemu Papa Fransisko alitoa barua juu ya faida ya hadithi na mashairi katika malezi. Kwanza alitaka kuwaandikia wale wanaojitayarisha kuwa mapadri. Kisha akaona inawafaa Wakristu wote. Alikumbuka miaka ya 1964 na 1965, alipofundisha masomo hayo katika shule ya Wayezuiti huko Santa Fe, Argentina. Alizisifu seminari zinazotoa nafasi kwa vitabu hivyo, ili kupinga utawala wa telefoni na habari za uongo. Anaonyesha kwamba kusoma ni kuisikiliza sauti ya mtu mwingine. Nasi tunaongeza: padri asiyejizoeza kusikiliza, atawezaje kukaa katika kiti cha kuungamisha?

Mwaka ule wa 1964 una ukumbusho mwingine kwa sisi watu wa pwani hii. Tarehe 28 mwezi wa 11, wakati wa uasi wa Wasimba, gari la waasi lilifika misioni ya Baraka. Mtawa Vittorio Faccin aliamriwa kupanda. Alikataa, akapigwa risasi. Padri Luigi Carrara alikuwa akiungamisha watu. Alitoka, naye akakataa kwenda, akapiga magoti karibu na mwili wa ndugu yake, akauawa palepale. Jioni waliuawa huko Fizi Padri Giovanni Didonè na Abbé Albert Joubert, mzaliwa wa upande wa Moba. Tarehe 18 mwezi wa 8 mwaka 2024, hapa Uvira, Eklezia iliwatangaza wote wanne kuwa Wenyeheri.

Vitabu havizuii risasi. Lakini moyo haujifunzi kutulia kwa ghafula siku ya hatari. Anayeketi kila siku mbele ya Neno la Mungu, na mbele ya watu anaowasikiliza, anajizoeza kubaki. Anayezoea kuruka kutoka jambo hadi jambo, anajizoeza kukimbia.

Tukumbuke tena mwezi wa 4 mwaka 2020, mto Mulongwe ulipofurika mjini Uvira, ukabomoa nyumba na kuchukua vitu vya watu. Maji huchukua vitabu, huchukua na telefoni. Hayachukui zaburi iliyokwisha kuingia moyoni.

Basi tufanye nini?

Kwanza, tujiwekee robo saa kila siku, saa ile ile, mahali pale pale, telefoni ikikatwa mtandao.

Pili, tushike kitabu kimoja hata mwisho. Evanjili nne zina sura 89. Kwa sura moja kila siku, miezi mitatu haijaisha, tumezimaliza. Agano Jipya lote lina sura 260. Hata mwaka haufiki.

Tatu, kila siku tuchague mstari mmoja, tuuandike katika daftari na kuukariri njiani, shambani ao tukingoja gari.

Nne, neno tusilojua linatoka wapi lisipande katika mimbari.

Wengine watasema: vitabu ni vya bei kali, na watu wetu wengi hawajui kusoma. Ni kweli. Lakini Evanjili moja inatosha shirika zima, mmoja akisoma kwa sauti na wengine wakisikiliza. Tumeona mara nyingi mama mzee asiyejua herufi akirudia Evanjili ya Dominika iliyopita bila kukosa, wakati sisi tuliosoma sana tumekwisha kuisahau. Yeye hana kurasa nyingi za kukimbilia. Alilolisikia analicheua njia nzima mpaka nyumbani.

Wandugu waseminari, hamtaongozwa na wingi wa mliyoyaona, ila na machache mliyoyashika. Nanyi makatekista, msichoke kutuuliza sisi mapadri. Mzee yule akija tena na neno lake, “Ku kitabu gani, Padri?”, Mungu atujalie tuweze kumfungulia ukurasa.