Kanuni za Zamani Zarudi Mezani

Na Mwandishi Wetu

YA KALE ni dhahabu, husema watu. Lakini ni nadra neno hilo kushikwa katika biashara ya michezo, ambamo kila toleo jipya hutangazwa kuwa limelishinda lililotangulia. Ndiyo maana yafaa kuyatazama yaliyotokea nchini Marekani na katika nchi za Ulaya, ambako wachezaji wa mchezo uitwao Dungeons & Dragons wamezifufua kanuni ambazo wenye mchezo wenyewe walikuwa wamekwisha kuziweka kando.

Mchezo huo ulitungwa na Bwana Gary Gygax na Bwana Dave Arneson, na kuchapishwa mwaka 1974 na kampuni ndogo ya TSR katika mji wa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin. Nakala za kwanza zilikuwa 1,000 tu. Watu wachache huketi mezani. Mmoja wao huwa msimamizi, naye hueleza mahali walipo: tuseme, mbele ya mlango wa jiwe chini ya ngome iliyobomoka. Wengine humwigiza kila mmoja mtu wake wa hadithi, awe askari, mchawi au mwizi, na kusema atakalofanya. Jambo likiwa na shaka, dadu hutupwa na kanuni huamua. Hakuna anayemshinda mwenziwe. Wote huwa upande mmoja.

UZITO WA DHAHABU

Ili kuelewa kilichorudi, na tuchukue kitabu cha kanuni cha mwaka 1981 kilichohaririwa na Bwana Tom Moldvay. Humo askari alihitaji alama 2,000 ili kupanda daraja la pili. Kumshinda zimwi wa kawaida kulileta alama 10 tu, tena za kugawana na wenzake. Lakini kila sarafu moja ya dhahabu iliyotolewa salama katika mapango ilileta alama nzima. Mchezaji mwenye akili alitambua mara moja kwamba vita havina faida. Chenye faida kilikuwa kuingia kimya, kuchukua na kutoka.

Kutoka nako kulikuwa na hesabu zake. Sarafu 10 zilihesabiwa kuwa na uzito wa ratili moja, na mtu hakuweza kutembea akiwa na mzigo uliozidi sarafu 1,600. Basi dhahabu ya kumpandisha daraja askari mmoja haikubebeka na askari huyo peke yake! Iliwabidi wachezaji washauriane: Je, tuajiri wapagazi? Tuache kamba na chakula? Wakati huo mwenge uliwaka kwa saa moja tu ya mchezo, na kila baada ya dakika 20 msimamizi alitupa dadu kuona kama kuna dubwana linalopita njia hiyo. Kusitasita kulikuwa na gharama.

ADUI NAYE ANA HOFU

Kanuni nyingine mbili zinastahili kutajwa. Walipokutana na viumbe wasiowajua, msimamizi aliweza kutupa dadu mbili. Jumla ikiwa 2, viumbe hao walishambulia papo hapo. Ikiwa 12, walikuwa tayari kufanya urafiki. Jumla zitokeazo mara nyingi zaidi, yaani 6 hadi 8, ziliwaacha viumbe hao wakisitasita, na hapo maneno mazuri ya mchezaji yalikuwa na nguvu kuliko upanga. Ya pili ni kanuni ya moyo wa kupigana. Mmoja wa maadui alipokufa, na tena nusu yao walipoanguka, dadu zilitupwa kuona kama waliosalia wataendelea, watakimbia au watasalimu amri.

Matoleo yaliyofuata yaliyapunguza mambo hayo. Katika toleo la pili, la mwaka 1989, alama za dhahabu zilibaki jambo la hiari. Katika toleo la tatu, la mwaka 2000, adui hakutupiwa tena dadu za kupima moyo wake. Mashujaa walizidi kuwa na nguvu, na mapigano yakachukua sehemu kubwa zaidi ya jioni. Wako walioyafurahia mabadiliko hayo, na sababu wanazo: katika kanuni za 1981 mchawi mgeni kwa kawaida alikuwa na alama za uhai zisizozidi 4, na pigo moja liliweza kuondoa 6.

KANUNI NI MALI YA NANI?

Kwa sheria ya hakimiliki ya Marekani, maneno ya kitabu yana mwenyewe, lakini namna ya kucheza haina. Zaidi ya hayo, kampuni ya Wizards of the Coast, iliyoinunua TSR mwaka 1997, ilitoa mwaka 2000 leseni ya kuwaruhusu wengine kutumia maneno ya msingi ya kanuni zake. Wachezaji wakaona upenyo. Mwaka 2006 kilitoka kitabu cha OSRIC, kilichorejesha kanuni za mwishoni mwa miaka ya 1970. Vikafuata Labyrinth Lord mwaka 2007, na Old-School Essentials cha Bwana Gavin Norman mwaka 2019, vyote viwili vikifuata njia ya 1981. Kingine, Basic Fantasy, hutolewa bure kwa yeyote anayekitaka kwa njia ya kompyuta.

Januari 2023 ilidhihirika kwamba kampuni ilikusudia kuibatilisha leseni ile ya mwaka 2000. Kazi ya miaka mingi ya watu wengi ikawa hatarini. Wachezaji walipinga kwa kishindo, na tarehe 27 ya mwezi huo huo kampuni ilirudi nyuma, ikayaweka maneno ya msingi ya toleo la tano chini ya leseni isiyoweza kufutwa.

SI KILA CHA KALE

Hata hivyo, haifai kuyapokea ya zamani yote kwa macho yaliyofumbwa. Kitabu kimoja cha mwaka 1978 kiliweka kikomo cha nguvu za mwanamke chini ya kile cha mwanamume, jambo lisilokuwamo katika kanuni za 1981. Kadhalika, zamani namba ya ngao na deraya ilivyozidi kuwa ndogo ndivyo kinga ilivyozidi kuwa bora, na wengi walichanganyikiwa. Old-School Essentials humwachia mchezaji achague hesabu hiyo au iliyo rahisi. Huko ndiko kufufua kwa busara.

Ndugu msomaji, kanuni ya mzigo yaweza kuonekana kuwa usumbufu mtupu kwa mtu asomaye kitabu peke yake. Wakae watu watano mezani, mwenge ukaribie kuzimika na mifuko ikiwa imejaa, ndipo itakapojulikana kazi yake. Huwalazimisha kusikilizana, kupima faida na hatari, na kuamua pamoja ni nini cha kuacha nyuma.