Ukurutu wa Mikono: Jinsi ya Kupata Nafuu

Itazame mikono yako. Kwa mikono hiyo unalima, unapika, unafua nguo, unaogesha watoto na kushika kalamu. Mtu akiumwa mguu anaweza kukaa kitako akasuka ukili au akachambua mboga. Lakini akiumwa mikono, atafanya kazi gani?

Katika darasa moja la kisomo alikuwako mama mmoja ambaye kila jioni aliketi nyuma kabisa. Mikono yake aliificha ndani ya khanga. Zamu yake ya kuandika ubaoni ilipofika, alisema hajui. Baadaye tuligundua kwamba alijua vizuri. Vidole vyake vilikuwa vimepasuka na kushika chaki kulimuumiza. Tena aliona haya. Majirani walikuwa wameacha kumpa mkono kwa kuogopa kuambukizwa. Wengine walinong'ona kwamba amerogwa.

Mama yule hakurogwa, wala hakuwa na ugonjwa wa kuambukiza. Alikuwa na ukurutu wa mikono. Katika somo hili tutajifunza ukurutu ni nini, unaletwa na nini, na mgonjwa afanye nini ili apate nafuu.

UKURUTU NI NINI?

Ukurutu ni ugonjwa wa ngozi. Watu wengi siku hizi huuita pumu ya ngozi. Dalili zake mikononi ni hizi:

1. Ngozi inawasha, hasa usiku au baada ya kushika maji na sabuni.
2. Ngozi inakauka, inakuwa ngumu na kubanduka magamba.
3. Ngozi inapasuka kwenye viungo vya vidole na kwenye viganja. Nyufa hizo huuma, na pengine hutoa damu.
4. Wakati mwingine hutokea vipele vidogo vyenye maji kwenye kingo za vidole na viganjani.

Kwa mtu mweusi, wekundu wa ngozi hauonekani sana. Mahali penye ugonjwa huonekana peusi zaidi kuliko sehemu nyingine, au pa rangi ya kijivu. Weusi huo unaweza kubaki kwa miezi hata baada ya ugonjwa kutulia. Usishtuke. Hiyo ni alama tu, nayo hufifia polepole.

Kumbuka jambo hili: ukurutu hauambukizi. Unaweza kumpa mgonjwa mkono, ukala naye sahani moja, ukalala naye kitanda kimoja. Wala ukurutu hauletwi na damu chafu. Kunywa dawa za kusafisha damu hakusaidii kitu.

NGOZI NI KAMA UKUTA

Fikiri ukuta wa nyumba ya matofali. Kati ya tofali na tofali kuna udongo unaoshikanisha. Udongo ule ukimomonyoka, mvua hupenya ndani na ukuta huanza kubomoka.

Ngozi yetu nayo iko hivyo. Juu kabisa ina chembechembe ndogo zilizopangwa kama matofali, na kati yake kuna mafuta ya asili yanayozishikanisha. Mafuta hayo huzuia maji ya mwilini yasitoke, na huzuia uchafu na sumu zisiingie. Kila unaponawa kwa sabuni, mafuta kidogo huondoka. Ukinawa mara chache, mwili huyarudisha. Lakini ukishinda ndani ya beseni la sabuni, mwili hauwahi kuyarudisha. Ukuta hubomoka, sabuni huingia ndani, na ngozi huvimba, huwasha na kupasuka.

Ndiyo maana maji hayalainishi mikono mikavu. Maji yakikauka juu ya ngozi huiacha kavu zaidi ya mwanzo.

UNALETWA NA NINI?

Kwanza, maji na sabuni. Hiki ndicho kisababishi kikubwa. Wataalamu wa afya kazini wanasema kwamba mtu ambaye mikono yake inalowa kwa zaidi ya saa 2 kwa siku, au anayenawa zaidi ya mara 20 kwa siku, yumo hatarini. Sasa hesabu kazi za mama wa nyumbani tangu alfajiri: vyombo, nguo, mboga, kuogesha mtoto, kudeki. Wauguzi, wapishi, wasusi na wafua nguo nao ni hivyo hivyo.

Pili, vitu vikali. Saruji mbichi inaunguza ngozi. Fundi mwashi anayeshika zege kwa mikono mitupu huumia polepole bila kujua. Ganda la korosho lina mafuta makali, na wanaobangua korosho huko Mtwara na Lindi wanayafahamu vizuri. Majivu, magadi, dawa ya kuondoa madoa, mafuta ya taa, petroli, pilipili na kitunguu saumu, vyote huchokoza ngozi iliyokwisha kuchoka.

Tatu, mzio. Mtu mwingine mwili wake hukataa kitu fulani, hata kikiwa kidogo. Katika saruji, kwa mfano, kuna kemikali za madini ya kromiamu ambazo huwaletea mafundi wengine mzio. Dawa nyeusi ya kupaka nywele na mpira wa glavu navyo vinaweza kuleta mzio kwa baadhi ya watu.

Nne, asili ya mtu. Aliyekuwa na pumu ya ngozi utotoni, au ambaye katika ukoo wake kuna pumu ya kifua, ngozi yake ni nyepesi kuchokozeka.

SI KILA MUWASHO NI UKURUTU

Kabla ya kuanza tiba, tofautisha.

Upele huwasha sana usiku, hukaa katikati ya vidole na kwenye vifundo vya mikono, na mara nyingi watu kadhaa wa nyumba moja hujikuna pamoja. Upele huambukiza. Dawa yake ni nyingine, na nyumba nzima hutibiwa siku moja.

Fangasi wa mikono mara nyingi hushika mkono mmoja tu, na ukitazama miguu utaikuta nayo imeshikwa.

Ukoma huonyesha baka ambalo halina hisia. Ukiguswa hapo husikii. Ukiona baka la namna hiyo nenda zahanati bila kuchelewa. Ukoma unapona kabisa, na dawa zake hutolewa bure.

HATUA ZA KUPATA NAFUU

Hatua ya 1: Punguza maji na sabuni.
Hatusemi uache kunawa. Kunawa baada ya kutoka chooni na kabla ya kula ni lazima, kwani kipindupindu na kuhara havina huruma. Ila nawa kwa sabuni kidogo isiyo na manukato, kwa maji ya kawaida yasiyo ya moto. Suuza mpaka utelezi wote wa sabuni uondoke. Kausha kwa kitambaa laini kwa kugusagusa, usisugue. Vua pete kabla ya kufua au kuosha vyombo, maana sabuni hubaki chini yake.

Hatua ya 2: Paka mafuta mara nyingi.
Hii ndiyo tiba yenyewe, si urembo. Mafuta yanayofaa zaidi ni mazito, kama mafuta ya mgando yasiyo na manukato wala rangi. Yanapatikana hata kwenye maduka madogo. Paka kila baada ya kunawa, ngozi ingali na unyevu kidogo. Paka tena kabla ya kulala. Usiku paka kwa wingi, kisha vaa soksi safi za pamba mikononi mpaka asubuhi. Lakini usikaribie moto wala kibatari ukiwa umevaa soksi zenye mafuta, kwa sababu hushika moto haraka.

Usingoje mikono ipasuke ndipo upake. Fanya hivyo kila siku, hata siku ambayo mikono ni mizima.

Hatua ya 3: Kinga mikono kazini.
Vaa glavu za mpira unapofua, unapoosha vyombo au unapochanganya saruji. Ndani yake vaa glavu nyepesi za pamba kama unazo. Glavu iwe kavu na isiwe na tundu. Glavu iliyotoboka ni mbaya kuliko mikono mitupu, kwa sababu hufungia sabuni ndani. Usizivae kwa muda mrefu mfululizo, maana jasho nalo huchokoza. Zikikosekana glavu, tumia akili: osha sufuria kwa brashi yenye mpini, geuza nguo majini kwa mti, koroga zege kwa koleo.

Hatua ya 4: Tumia dawa ya zahanati kama ulivyoelekezwa.
Ukurutu ukiwa mkali, mafuta peke yake hayatoshi. Mganga wa zahanati atakupa dawa ya kupaka ya kutuliza uvimbe. Zipo dhaifu na zipo kali. Ngozi ya kiganja ni nene, kwa hiyo mganga anaweza kukupa iliyo kali kwa muda maalumu. Kipimo chake ni rahisi. Kamulia dawa juu ya kidole cha shahada, kuanzia nchani mpaka kwenye kiungo cha kwanza. Kiasi hicho hutosha mkono mmoja, kiganja na mgongo wake. Baada ya dawa, ngoja kama nusu saa ndipo upake mafuta. Siku ulizoambiwa zikiisha, acha dawa, lakini mafuta usiache.

Hatua ya 5: Uwe na subira.
Hapa ndipo wengi hushindwa. Mikono ikionekana mizima, mtu husema nimepona, akarudi kwenye beseni kama zamani. Baada ya wiki 2 anaanza upya. Ngozi iliyopona kwa macho huhitaji miezi 4 hadi 5 ili kupata nguvu zake za zamani. Ukuta uliojengwa leo haulaliwi leo.

MAMBO YA KUEPUKA

Usinawe kwa majivu, limau, maji ya betri wala mafuta ya taa, kwa kudhani kwamba kitu kinachochoma ndicho kinachotibu. Kuchoma si kupona.

Usinunue dawa kali za kupaka dukani bila ushauri. Mama tuliyemtaja aliuziwa mchanganyiko wa namna hiyo. Wiki ya kwanza alifurahi sana, kwa sababu muwasho ulikoma. Alipoacha, ukurutu ulirudi. Akapaka tena, na tena, karibu mwaka mzima, hata kwenye vifundo na mikono juu. Ngozi ya hapo ikawa nyembamba kama karatasi, ikachubuka kwa kuguswa tu.

Tena usipake vipodozi vya kung'arisha ngozi ili kuondoa alama nyeusi. Vingine vina zebaki, ambayo ni sumu inayoharibu figo.

NENDA ZAHANATI UPESI IKIWA

- mikono inatoa usaha, au ina magamba ya rangi ya asali;
- mikono imevimba, ina joto na maumivu makali;
- una homa, au mitoki kwapani;
- umefuata hatua zote kwa wiki kadhaa bila nafuu.

Zahanati ikishindwa, itakuandikia barua ya kwenda hospitali kubwa. Nchini Tanzania, mjini Moshi, kwenye hospitali ya KCMC, kuna chuo cha magonjwa ya ngozi kilichoanza mwaka 1992. Chuo hicho hufundisha waganga wa ngozi kutoka nchi mbalimbali za Afrika, nao hurudi kuhudumu makwao.

KAZI HII SI YA MTU MMOJA

Mama yule alipofika kituo cha afya, mganga alimpa dawa na kumweleza juu ya mafuta. Kisha akamwuliza, "Nyumbani nani mwingine anaweza kuosha vyombo?" Mama alinyamaza. Hakuna aliyewahi kumwuliza hivyo.

Siku iliyofuata mume wake aliitwa, akaelezwa. Alisema kweli, kwamba alikuwa akidhani mkewe anakwepa kazi. Tangu hapo mtoto wa kiume mkubwa aliosha vyombo, na baba alifua nguo nzito. Watu walicheka mwanzoni, kisha wakazoea.

Hatusemi kwamba mama amepona moja kwa moja. Kazi ikizidi, kama wakati wa msiba au arusi, vidole huanza kuwasha. Lakini sasa anajua la kufanya, na kikopo chake cha mafuta hakikosekani kwenye kikapu. Na baada ya miezi kadhaa, jioni moja, alinyosha mkono, akachukua chaki, akaandika jina lake ubaoni kwa herufi kubwa.

Ndugu msomaji, kama una mikono ya namna hiyo, usiifiche. Kama ni jirani yako, mpe mkono.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA DARASANI

1. Kwa nini mikono iliyolowa mara nyingi huishia kuwa mikavu?
2. Utatofautishaje ukurutu na upele?
3. Hesabu mara ambazo mikono yako ililowa jana. Ni kazi zipi zingeweza kufanywa na mtu mwingine nyumbani?
4. Kwa nini tusiache kupaka mafuta mikono inapoonekana mizima?
5. Andika sentensi tatu za kumweleza jirani kwamba ukurutu hauambukizi.