Popo wa Pemba: Mwizi wa maembe au mtaji wa kijiji?

KWA mkulima mwenye miembe kisiwani Pemba, popo ni hasara inayoingia usiku. Akiamka asubuhi hukuta maembe yaliyotafunwa yametapakaa chini ya mti, na hayo hayana bei sokoni.

Hata hivyo, popo huyo mkubwa, ambaye mabawa yake yakikunjuliwa hufikia mita 1.6, hapatikani popote duniani isipokuwa Pemba. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 walikuwa wamebaki maelfu machache tu, kutokana na kuwindwa kwa kitoweo na kukatwa kwa misitu. Mwaka 1996 waliwekwa katika kundi la wanyama walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka.

Wanavijiji wakaunda vikundi vya ulinzi, kikiwamo cha Kidike, ambako wageni hulipa kiingilio kuwaona popo wakining'inia mitini. Idadi yao ikapanda kupita 20,000, na mwaka 2008 wakashushwa hadi ngazi ya hatari iliyo nafuu.

Kuhesabu popo, basi, kumefanyika. Kilichobaki nyuma ni hesabu ya shambani. Mkulima anapoteza kilo ngapi kwa popo peke yake, ukiondoa zinazoharibiwa na ndege na nzi wa matunda? Na popo, ambaye humeza matunda na kudondosha mbegu mbali, ameotesha miti mingapi ya mbao na kuni bila malipo?

Kuamua kabla ya kupata majibu hayo ni ghali. Kisiwani Morisi, mwaka 2015, Serikali iliua popo zaidi ya 30,000 ili kuokoa maembe na malichi ya wakulima. Mavuno hayakupanda; yalishuka. Miti iliyofunikwa kwa nyavu ndiyo iliyopona zaidi. Na kwa kuwa popo jike kwa kawaida huzaa mtoto mmoja tu kwa mwaka, waliouawa hawarudi upesi.

Mkulima naye anaweza kuanza utafiti huo kwa daftari na kalamu. Ahesabu matunda yaliyoliwa chini ya kila mti, aandike tarehe na alama za meno au mdomo wa ndege. Kisha afunike mti mmoja kwa wavu, auache mwingine wazi, na alinganishe mauzo. Tofauti ikizidi bei ya wavu, wavu umejilipa.