Kifua kinachouma kwa tarehe

Ukikohoa damu ukiwa Kamanga, iwe upande wa Sengerema au ukishavuka na kivuko hadi Mwanza mjini, jambo la kwanza utakaloombwa ni makohozi, yapimwe kifua kikuu. Na ni sawa kabisa. Tanzania imo kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa TB, kwa hiyo kuanzia kwingine kungekuwa uzembe.

Shida inakuja pale majibu yanaporudi hakuna TB, picha ya kifua haionyeshi kitu, na mwezi unaofuata damu inatoka tena. Kama mgonjwa ni mwanamke, hapo kuna swali ambalo mara nyingi haulizwi: je, ilikuwa kwenye siku zako?

Endometriosisi ni hali ambapo tishu inayofanana na ile inayotanda ndani ya mji wa mimba inaota mahali pengine. Inakadiriwa kuwapata kama asilimia 10 ya wanawake walio katika umri wa kuzaa, na kwa kawaida hukaa kwenye nyonga. Kwa wachache inapanda hadi kwenye kiwambo, ule msuli mpana unaotenganisha tumbo na kifua, au kwenye utando wa mapafu, au mara chache zaidi ndani ya pafu lenyewe. Popote ilipo inatii homoni zilezile. Hedhi ikifika, nayo inavimba na kuvuja damu.

Inafikaje huko juu? Majimaji ya ndani ya tumbo hayatulii. Yanazunguka, yakipanda kutoka nyonga kupitia upande wa kulia hadi juu ya ini, chini ya kiwambo, na chembe hizo zinasafiri nayo. Ndiyo maana ugonjwa huu wa kifua, mara nyingi mno, uko kulia. Kiwambo kikitoboka, hewa inaweza kupenya na kujaa kifuani, pafu likasinyaa. Madaktari walilieleza tukio la namna hii mwaka 1958, na kwa kawaida hutokea ndani ya saa 72 tangu hedhi ianze.

Halafu kuna bega. Neva inayoendesha kiwambo inatoka shingoni, karibu na zile za bega, kwa hiyo ubongo unachanganya anwani. Unachua bega la kulia kila mwezi, kumbe kinachouma ni kiwambo.

Kuuthibitisha si rahisi. Sitiskani au MRI husaidia, hasa ikipigwa wakati wa hedhi, lakini picha safi haimaanishi huna. Uhakika hutoka kwa kamera inayoingizwa tumboni au kifuani kupitia tundu dogo, na daktari asiposogeza ini anaweza kuyakosa mabaka yaliyojificha nyuma yake.

Matibabu? Pafu likisinyaa, hewa hutolewa kwanza kwa mrija. Kisha homoni za kutuliza hedhi, na baadhi yake ni zilezile za uzazi wa mpango, vidonge au sindano ya miezi 3, zinazopatikana hata zahanati. (Kama uko kwenye dozi ya TB, mwambie daktari: rifampisini hupunguza nguvu ya vidonge hivyo.) Homoni zisipotosha, hufanyika upasuaji wa kukata mabaka na kuziba matundu ya kiwambo. Hata hivyo ugonjwa hurudi kwa wengi, na anayetaka mtoto yuko njia panda, maana dawa inayotuliza kifua ndiyo hiyohiyo inayozuia mimba.

Kwa hiyo kabla hujapanda kivuko kwenda Bugando, andika kwa miezi 2 au 3: tarehe hedhi ilipoanza, tarehe kifua au bega lilipouma, upande gani, damu ilitoka au la. Daftari la shule linatosha. Ila ukibanwa pumzi ghafla, au damu ikitoka nyingi, achana na daftari, nenda hospitali sikuhiyohiyo.