Mkoba wa huduma ya kwanza hupimwa kwa saa

Anayeishi Mururu, wilayani Rusizi nchini Rwanda, ana safari mbili za miguu za kuchagua, na zote ziko jirani. Ya kwanza ni kufuata ufuko wa Ziwa Kivu kuelekea kaskazini kwa njia iitwayo Congo Nile Trail, kilomita 227 kati ya Rusizi na Rubavu, kupitia Nyamasheke, Karongi na Rutsiro. Ya pili ni kupanda upande wa mashariki hadi Nyungwe, msitu wa kilomita za mraba 1,019 ulioingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2023. Wengi hufungasha mkoba uleule kwa safari zote mbili: plasta, pamba, chupa ya spiriti, vidonge vya maumivu. Ukiwauliza kwa nini, watakwambia ndivyo mkoba wa huduma ya kwanza ulivyo. Lakini aliyeteguka mguu ufukoni yuko hatua chache kutoka kwenye nyumba ya mtu, na aliyeteguka Nyungwe yuko na miti, mvua na wenzake tu. Jeraha ni moja, ila muda wa kukaa nalo haufanani. Ndiyo maana nasema mkoba hupimwa kwa saa: hesabu saa zilizopo kati ya ajali na mtu mwenye uwezo wa kuitibu, kisha jiulize mikono yako itafanya nini ndani ya saa hizo. Kitu kisichojibu swali hilo ni mzigo.

Tuanze na ufukoni, maana huko hesabu ni nyepesi. Tangu mwaka 1995 Rwanda imejenga mtandao wa wahudumu wa afya wa vijiji, abajyanama b'ubuzima, waliochaguliwa na majirani zao wenyewe. Leo ni makumi ya maelfu, na kila kijiji kina wa kwake. Wana vipimo vya haraka vya malaria, wana dawa, na wanajua njia ya kwenda kituo cha afya. Barabara ikiwepo, pikipiki ipo. Ukiwa karibu na Kamembe kuna hospitali ya Gihundwe, na ukisogea Nyamasheke kuna Bushenge na Kibogora. Mkoba wa ufukoni, kwa hiyo, ni wa kusogeza muda kwa saa moja au mbili, basi. Wa Nyungwe ni wa kutunza mtu mchana mzima, pengine na usiku, kwenye baridi.

Masanduku ya dukani hayakutengenezwa kwa hesabu hiyo. Kampuni ya Johnson & Johnson ilipoanza kuyauza mwaka 1888, yalikusudiwa wafanyakazi wa reli, watu wenye ajali zao mahususi na njia ya chuma ya kuwasafirisha. Mengi tunayouziwa mpaka leo bado yana sura ya karakana: plasta ndogo thelathini, pini, kipande cha pamba, mkasi usiokata kitambaa. Si vitu vibaya. Tatizo ni kwamba vinahudumia mikwaruzo ambayo ingepona hata bila plasta, huku bendeji pana ikiwa moja tu, tena nyembamba kama utambi.

Basi nini huwapata watu njiani? Shule ya Marekani iitwayo NOLS, inayofundisha vijana kuishi milimani na nyikani, iliweka kumbukumbu za ajali zake kwa miaka kadhaa, na mwaka 1992 takwimu hizo zikachapishwa. Takriban asilimia 80 ya majeraha yalikuwa ya misuli, viungo na ngozi: kuteguka, kukaza misuli, michubuko, kukatwa. Katika magonjwa, yaliyotia fora ni kuhara na homa za virusi. Mtu anaweza kusema milima ya Marekani si milima yetu. Kweli, lakini miguu ni ileile, na udongo mwekundu wa Rusizi baada ya mvua huteleza kuliko mwamba. Takwimu hizo zinatuambia fedha ya kwanza iende kwenye miguu. Bendeji mbili pana zinazovutika, tepu imara ya kitambaa, na vitambaa vya kufunika malengelenge. Lengelenge linaonekana jambo la kitoto, ila ndilo linalomfanya mtu akanyage upande, na anayekanyaga upande ndiye anayeteguka. Tepu inabandikwa ngozi inapoanza kuwaka, kabla maji hayajajaa. Ukisubiri mapumziko ya mchana umechelewa.

Kwa mkono uliovunjika au bega lililochomoka, daktari wa upasuaji wa Kijerumani Friedrich von Esmarch aliwafundisha raia wa kawaida wa karne ya 19 kutumia kitambaa cha pembe tatu. Wauzaji wa masanduku wamekiuza kitambaa hicho tangu wakati huo kama kifaa maalumu. Kwetu hakuna haja ya kukinunua. Kitenge kilichokunjwa kwa mshazari kinabeba mkono vizuri zaidi kwa sababu ni kipana na kigumu, na mchana huohuo kilikuwa kimefunika kichwa jua, au kimebeba kuni. Kijiti kilichonyooka na nguo iliyokunjwa hutosha kuwa banzi. Kitu kimoja chenye kazi nne kina haki ya kubebwa kuliko vitu vinne vyenye kazi moja.

Kwenye vidonda naomba tuachane na spiriti. Najua inavyopendwa, na najua sababu: inawasha, na mtu huona kinachowasha kinafanya kazi. Spiriti ikimiminwa ndani ya kidonda inaunguza nyama hai ambayo ndiyo ya kukifunga. Kazi kubwa ya kuzuia usaha hufanywa na maji mengi yanayotiririka kwa nguvu kidogo. Tafiti zilizolinganisha maji safi ya bomba na maji ya chumvi ya hospitali hazikukuta kwamba ya bomba huongeza maambukizi. Toboa tundu dogo kwenye kifuniko cha chupa ya maji ya kunywa, kamua, osha mpaka mchanga wote utoke, kisha weka shashi safi na bendeji. Sabuni ya kawaida inaosha ngozi ya pembeni. Na mbwa wa kijijini akikuuma, sabuni hiyohiyo na maji kwa dakika 15 ndiyo tiba ya kwanza dhidi ya kichaa cha mbwa, kisha unaenda kuchanjwa bila kungoja safari iishe. Kipande cha sabuni hakimo katika masanduku mengi ya dukani.

Tumbo nalo lina hesabu yake. Pakiti za ORS, unga wa chumvi na sukari wa kumrudishia maji anayehara, ni nyepesi na bei yake ni ndogo, lakini nyingi zimepimwa kwa lita moja kamili ya maji, na watu huzimimina kwenye chupa ya nusu lita kwa kuwa ndiyo iliyopo. Mchanganyiko mzito kiasi hicho unaweza kuvuta maji kutoka mwilini kuingia utumboni, yaani unafanya kinyume cha kilichokusudiwa. Kwa hiyo chupa ya lita moja ni sehemu ya mkoba. Pakiti zikiisha, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vikiwa sawasawa na ukingo, kwa lita moja ya maji safi. Vidonge vya kusafishia maji vinakaa mfuko mmoja na ORS, maana hakuna faida ya kurudisha maji kwa maji yaliyoleta ugonjwa.

Wengine huongeza dozi ya malaria na antibayotiki, "bora ziada". Hapa sikubaliani. Vimelea vya malaria huhitaji siku saba au zaidi tangu mbu aume hadi homa ijitokeze, kwa hiyo homa ya siku ya pili ya safari umetoka nayo nyumbani, labda Bugarama kwenye joto la bondeni. Inahitaji kipimo, na ufukoni kipimo kiko kwa mhudumu wa kijiji. Ukimeza dawa kwa kubahatisha unaweza kuficha ugonjwa mwingine kwa siku nzima huku ukizidi kujitenga na hospitali. Kwa maumivu, parasetamoli inatosha, na mtu mzima asizidishe vidonge vinane vya miligramu 500 kwa saa 24. Vidonge vya jamii ya ibuprofeni na diklofenaki, vinavyonunuliwa ovyo kama pipi, huzibana figo hasa mwili ukiwa umekauka maji, na mpanda mlima mchana hukauka bila kujua. Nitakubali dawa moja ya mzio, kama setirizini, kwa sababu ya nyuki. Ila anayefahamu kwamba nyuki humvimbisha koo asitegemee kidonge. Huyo anahitaji sindano ya adrenalini aliyoandikiwa na daktari, na wenzake wajue iko mfuko gani.

Baridi ndiyo hatari tunayoidharau kuliko zote, pengine kwa kuwa tumefundishwa kwamba nchi zetu ni za joto. Ziwa Kivu liko karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na mlima Bigugu ndani ya Nyungwe unafika mita 2,950. Joto hupungua kwa takriban nyuzi sita kila unapopanda mita 1,000, kwa hiyo huko juu kuna tofauti ya nyuzi tisa hivi na ufukoni, kabla hujahesabu upepo na nguo zilizolowa. Na nguo zitalowa: Nyungwe hupata takriban milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Aliyeteguka mguu hawezi kutembea, asiyetembea hapati joto, na mwili ukishuka chini ya nyuzi 35 mtu hutetemeka, hushika vitu ovyo, kisha husema maneno yasiyoeleweka. Wakati mguu wenyewe haumuui mtu, baridi ya kusubiri msaada inaweza kumuua. Kwa hiyo mkoba wa msituni uwe na blanketi jembamba la kung'aa, au turubai ndogo ya plastiki, soksi kavu na fulana ya sufu ndani ya mfuko usiopitisha maji, na kitu kitamu cha kumpa anayeweza kumeza. Msimpe kanyanga. Pombe hufungua mishipa ya ngozi, mtu husikia moto usoni huku joto la ndani likikimbilia nje.

Kutokwa damu nyingi ni nadra, lakini hakusubiri. Mshipa mkubwa ukikatwa mtu anaweza kufa kwa dakika chache, na wapiga kambi hubeba panga la kuni. Shashi nene, glovu, na mikono miwili inayokandamiza kidonda kwa dakika kumi bila kuchungulia. Kuchungulia ndilo kosa kubwa, kwa sababu kila ukiinua shashi unaibandua damu iliyokwisha kuganda. Mkanda wa kukaza kiungo ni kifaa kizuri kwa aliyefunzwa, uwe mpana, saa ya kuufunga iandikwe, na usifunguliwe njiani. Kamba ya viatu si mbadala wake. Rwanda ilianza mwaka 2016 kupeleka damu hospitalini kwa ndege zisizo na rubani, jambo ambalo dunia nzima imelisifu. Lakini damu hiyo hushuka hospitalini. Lazima umfikishe mgonjwa akiwa bado na ya kwake.

Kisha huja swali la nyoka, na mara nyingi huja na jiwe jeusi, lile la mfupa uliochomwa linalouzwa pande zote mbili za mto Rusizi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba nyoka huuma watu milioni 5.4 kila mwaka na kuua kati ya 81,000 na 138,000. Lingekuwa jambo jema kama jiwe lingesaidia, lakini sumu iliyoingia kwenye nyama hainyonywi na mfupa. Mara nyingi jiwe husifiwa kwa nyoka ambaye hakutia sumu, au hakuwa na sumu kabisa. Madhara yake ni dakika linazokula. Usichanje, usinyonye, usifunge kamba. Vua pete na bangili kabla ya uvimbe, funga banzi kama ya mfupa uliovunjika, na mgonjwa abebwe. Dawa halisi ya sumu hutolewa hospitalini kwa sababu yenyewe inaweza kuleta mzio mkali, kwa hiyo haina nafasi mkobani.

Kuna watakaosema: Nyungwe tunatembea na mwongozaji wa hifadhi, na simu tunazo. Mwongozaji ni mmoja, nanyi mnaweza kuwa kumi, na akikimbilia msaada mnabaki wenyewe. Simu nayo ina mambo mawili. Msituni mtandao hupotea kwenye mabonde. Na huku kwetu, Bukavu ikiwa ng'ambo tu ya mto, simu inaweza kushika mtandao wa Kongo bila wewe kugundua, na namba ya dharura ya Rwanda, 912, isikufikishe kwa wahudumu wa gari la wagonjwa wa Rwanda. Chagua mtandao kwa mkono badala ya kuiachia simu. Andika karatasi, iweke ndani ya plastiki juu kabisa mkobani: 912, namba ya kituo cha afya cha njia mnayopita, majina ya wasafiri, na nani ana mzio wa nini.

Usiku wa kuamkia safari, zima taa, mpe mwenzako mkoba, umwambie atoe bendeji pana. Akianza kumwaga vitu sakafuni, mkoba ufungashwe upya, na safari hii afungashe yeye.