Selimundu Bondeni: Macho na Ubongo Haviumi Vinapoharibika
(Sehemu ya Tatu)

Msomaji aliyetufuata tangu sehemu ya kwanza anajua sasa kwamba selimundu huanzia kwenye kosa dogo mno. Herufi moja tu ya jeni ya himoglobini, iliyoko kwenye kromosomu ya 11, imebadilika. Kwa sababu hiyo, chembe nyekundu ya damu inapopungukiwa na oksijeni hujikunja na kukakamaa badala ya kubaki laini. Anajua pia kwamba mtoto huugua akiirithi jeni hiyo kwa baba na kwa mama, na kwamba wazazi wote wawili wakiwa wabebaji, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuzaa mgonjwa. Tulieleza maumivu ya mifupa, yale yanayomfanya mtoto alie usiku kucha. Leo ni zamu ya macho, ubongo na mishipa ya fahamu, na naomba sehemu hii isomwe kwa makini kuliko zile mbili, kwa kuwa hapa maradhi hayapigi hodi.

Ninaandika nikiwafikiria watu wa Mai Mahiu, mji ambao wengi hawatarajii kuusikia ugonjwa huu. Selimundu, husemwa, ni mambo ya Kisumu na Kilifi. Huku juu kuna baridi na mbu wa malaria ni wachache. Lakini mji wenyewe umejengwa na wasafiri. Barabara inayoteremka ukingo wa Bonde la Ufa hugawanyika hapo, tawi moja likielekea Narok na jingine Naivasha na Nakuru. Malori yatokayo Mombasa kwenda Uganda, Rwanda na Kongo husimama hapo, madereva na matanboi wakala na kulala. Mbele kidogo, mashamba ya maua ya Naivasha yamevuta vibarua kutoka Siaya, Busia, Kakamega na Homa Bay, ambao sasa wamepanga nyumba, wameoa na kuzaa papo hapo. Mtu akihama haiachi damu yake nyumbani. Mtoto wa namna hiyo akifikishwa zahanati akiwa na macho ya manjano na upungufu wa damu, mhudumu aliyezoea wagonjwa wa milimani huwaza malaria, homa ya matumbo au ini. Selimundu huja mwisho wa orodha, au haiji kabisa.

Inasikitisha zaidi ukikumbuka kwamba siri ya ugonjwa huu ilifumbuliwa na mtu aliyekulia Bonde hili hili. Anthony Allison alizaliwa Afrika Kusini mwaka 1925 na kulelewa Gilgil, ambako baba yake alikuwa na shamba la pareto. Mwaka 1949, akiwa mwanafunzi wa Oxford, alirudi Kenya na msafara wa chuo hicho uliokuja Mlima Kenya, akachukua damu ya watu wa makabila mbalimbali. Pwani na kando ya Ziwa Viktoria, zaidi ya mtu mmoja kati ya watano walikuwa wabebaji. Milimani, katikati ya sehemu hizo mbili, hawakufika hata mmoja kati ya mia. Allison akaona kwamba ramani hiyo inalingana na ramani ya malaria. Katika utafiti aliouchapisha mwaka 1954 alieleza kwamba Waluo watu wazima 30 waliojitolea waliambukizwa malaria. Kati ya 15 wasiobeba jeni, 14 walipatikana na vimelea. Kati ya 15 wabebaji, ni wawili tu. Jaribio kama hilo lisingeruhusiwa leo. Kwa maoni yangu, elimu iliyopatikana kwa miili ya watu wale ni deni, na wanaostahili kulipwa ni wajukuu wao, popote walipo, hata kama ramani ya 1949 haiwaonyeshi Mai Mahiu.

Sasa tuingie machoni. Kwanza tuondoe hofu moja: ule umanjano unaowatisha wazazi na kuwafanya watoto wataniwe shuleni haupofushi. Unatokana na chembe nyekundu kuvunjika upesi kuliko kawaida, na rangi yake kubaki mwilini. Hatari iko nyuma, kwenye retina, utando unaopokea mwanga. Kingoni mwa retina mishipa ya damu ni myembamba kama uzi, na ndiko chembe zilizokakamaa hukwama kwanza. Sehemu iliyonyimwa damu hutoa kemikali za kuomba msaada, na jicho huitikia kwa kuotesha mishipa mipya. Mishipa hii hutanuka mithili ya kipepeo cha mkono, lakini ni dhaifu na huvuja. Siku moja hupasuka, damu ikamwagika katika ute unaojaza jicho. Au makovu yake huivuta retina mpaka ikabanduka. Morton Goldberg, daktari wa macho wa Marekani, aliigawa safari hii katika hatua tano mwaka 1971, na mgawanyo wake unatumika hadi leo. Katika hatua tatu za mwanzo, ikiwemo ile ya mishipa mipya kuota, mgonjwa anaweza kusoma herufi zote za ubao wa daktari bila kukosea. Haumwi na haoni ukungu. Analalamika hatua ya nne, anapoona vidoa vyeusi vikielea au kama utando wa buibui, na hatua ya tano pazia jeusi linapomshukia upande mmoja.

Ndiyo maana kumwuliza mgonjwa kama anaona vizuri hakutoshi. Ni lazima atiwe matone ya kupanua mboni, na daktari atazame retina hadi kingoni. Mwongozo wa Marekani wa mwaka 2014 unataka uchunguzi huo uanze mtoto akiwa na miaka 10, kisha urudiwe kila mwaka mmoja au miwili. Mishipa mipya ikionekana mapema, inaweza kuzuiwa kwa mwanga wa leza kabla haijapasuka. Mara nyingine hunyauka yenyewe. Daktari huamua lini aitibu na lini aiangalie tu, lakini hawezi kuamua juu ya jicho ambalo hajaletewa. Wenye umri wa miaka 20 hadi 40 ndio walio hatarini zaidi, na huo ndio umri ambao kijana huwa ameacha kliniki ya watoto na hana anayemkumbusha kurudi.

Kuna jambo jingine la macho ambalo linawagusa hata wasio wagonjwa. Nimekwisha kusema kwamba mbebaji, aliyerithi jeni hiyo kwa mzazi mmoja tu, huishi maisha yake yote bila dalili. Kwa kawaida ni kweli. Lakini mfikirie makanika wa malori pale Mai Mahiu: anafungua tairi, ringi inaruka na kumpiga jichoni. Damu inamwagika katika chumba cha mbele cha jicho, kati ya kioo cha jicho na mboni. Kwa mtu mwingine damu hiyo hupenya taratibu kwenye vinjia vya kutolea maji ya jicho na kuisha. Kwa mbebaji, maji ya chumba hicho yana oksijeni haba, chembe zinakakamaa humo humo na kuziba njia. Presha ya jicho inapanda, na mshipa wa fahamu unaopeleka picha ubongoni, ambao damu yake nayo inatiririka kwa shida, unakufa haraka hata kwa presha ambayo mtu mwingine angeivumilia. Tena, asetazolamaidi, dawa inayotolewa mara kwa mara kushusha presha ya jicho, huongeza asidi na inaweza kuzidisha ukakamavu wa chembe hizo. Kwa hiyo kila aliyeumia jicho likavilia damu, iwe kwa chuma, jiwe au mpira, apimwe selimundu siku hiyo hiyo, na anayejua ni mbebaji amwambie daktari kabla ya kupewa dawa yoyote. Hili ningependa lijulikane katika kila gereji ya barabara ile.

Tukipanda kutoka jichoni hadi ubongoni, mambo yanakuwa mazito. Watu wengi hudhani kiharusi ni ugonjwa wa wazee wenye presha. Mtoto mwenye selimundu anaweza kukipata akiwa na miaka minne. Takwimu za Marekani kabla ya kinga kuenea zilionyesha kwamba kati ya wagonjwa 100 wa aina kali ya selimundu, wapatao 11 walikuwa wameshapata kiharusi kabla ya kutimiza miaka 20. Kinachoziba hapa ni mishipa mikubwa inayopeleka damu mbele ya ubongo. Kuta zake huumizwa na chembe ngumu mwaka baada ya mwaka, zikavimba kwa ndani na kubakiza njia nyembamba. Dalili zake ni mdomo kupinda upande, mkono kulegea, mguu kuburuta, maneno kukwama ghafla. Mtoto huyo si wa kupelekwa kukandwa kwanza, wala kuombewa hadi asubuhi. Anahitaji hospitali yenye damu ya kumwongezea, na kila saa inayopita inaondoka na sehemu ya ubongo wake.

Habari njema ni kwamba kiharusi hiki kinaweza kuonekana kikija. Mto ukipita penye genge jembamba maji hukimbia. Damu nayo hukimbia hivyo hivyo mshipa ukibana. Kifaa cha ultrasaundi kikiwekwa kando ya kichwa, penye panja, hupima mwendo huo bila sindano na bila maumivu. Mwendo ukifika sentimita 200 kwa sekunde, mtoto yuko hatarini. Katika jaribio lililochapishwa Marekani mwaka 1998, watoto 130 wenye mwendo huo waligawanywa makundi mawili. Katika kundi lililoongezewa damu mara kwa mara, mmoja alipata kiharusi. Katika kundi jingine, 11. Jaribio lilisimamishwa kabla ya wakati ili wote wapewe kinga.

Kwetu, kumwongezea mtoto damu kila mwezi kwa miaka ni jambo gumu, kwa kuwa benki za damu hupungukiwa. Hapo ndipo haidroksiyuria inapoingia. Ni kidonge kinachoamsha himoglobini ya uchanga, ile ambayo kila mtoto huzaliwa nayo na ambayo haikubali kukakamaa. Wengine waliogopa kwamba kingewadhuru watoto wa Afrika wanaougua malaria na utapiamlo. Jaribio lililohusisha watoto 606 wa Kilifi hapa Kenya, Mbale nchini Uganda, Kongo na Angola liliiondoa hofu hiyo. Waliokitumia walipungukiwa na maumivu, maambukizo, malaria, haja ya kuongezewa damu, na vifo pia. Kutoka kaskazini mwa Nigeria, watafiti walieleza mwaka 2022 kwamba hata dozi ndogo, miligramu 10 kwa kila kilo ya uzito, iliwakinga na kiharusi watoto waliokuwa na mwendo wa damu wa hatari, sawa na dozi kubwa, ingawa wa dozi kubwa walilazwa mara chache zaidi. Dawa hii inatumiwa chini ya daktari na kwa kupima damu kila baada ya muda. Haigawiwi kwa jirani.

Aina ya madhara inayonikera zaidi haimpoozeshi mtoto. Vijimishipa vidogo huziba, sehemu ndogo ya ubongo ikafa, na hakuna anayegundua ila kwa picha ya MRI. Karibu mtoto mmoja kati ya watatu au zaidi huwa na makovu hayo kabla ya kufika utu uzima. Kinachoonekana ni mtoto aliyekuwa wa tano darasani ambaye sasa ni wa 30; anasahau alichotumwa dukani, anaduwaa, hamalizi hesabu. Nyumbani anaitwa mvivu, na mwalimu anaandika kwamba hajitahidi. Mzazi mwenye mtoto wa selimundu ambaye alama zake zimeporomoka aende hospitali kwanza, na kumwita mwalimu mkuu baadaye.

Mishipa ya fahamu iliyoko nje ya ubongo nayo huguswa. Mgonjwa anaweza kuamka kidevu na mdomo wa chini vimekufa ganzi, kwa kuwa mfupa wa taya umekosa damu na kuubana mshipa wa fahamu upitao ndani yake. Mara nyingi ganzi hiyo huja pamoja na maumivu ya mifupa na hupungua polepole. Usikivu unaweza kupungua pia. Na wapo watu wazima ambao, baada ya miaka ya maumivu, mishipa yao ya fahamu imebadilika na inatoa kengele hata pasipo jeraha: ngozi inachoma kama imemwagiwa pilipili, shuka likigusa mguu wanaruka. Hawaigizi. Maumivu hayo yana dawa zake, tofauti na za kawaida, na mgonjwa ana haki ya kuziulizia.

Kutoka Mai Mahiu, mwenye shida hii ana njia mbili: kupanda ukingo hadi Kijabe, au mbele zaidi hadi Kikuyu, ambako hospitali ya PCEA inajulikana kwa kitengo chake cha macho, au kushuka Naivasha na kuendelea hadi hospitali ya rufaa ya Nakuru. Lakini safari hiyo haianzi kama hakuna aliyejua kwamba mtoto ana selimundu. Siku hizi kuna vipimo vya haraka vinavyotumia tone moja la damu ya kidole na kutoa jibu kwa dakika chache, bila umeme. Ningeomba kaunti ya Nakuru ivipeleke kwenye zahanati zote za barabara hii, mtoto apimwe anapoletwa chanjo za mwanzo, wazazi wake wawe wa kabila lolote. Jibu liandikwe kwa kalamu kwenye kijitabu cha mama na mtoto, ukurasa wa mbele, ili familia ikihamia Narok au ikirudi Busia, muuguzi wa huko alione kabla hajauliza kitu.