Kwa nini tufunge milango kabla maradhi hayajaenea?

IKIWA umewahi kuishi katika mitaa ya mabanda jijini Nairobi, huenda umeshuhudia jambo hili. Moto unazuka usiku katika nyumba moja. Majirani hawangoji gari la zimamoto, ambalo pengine halina hata njia ya kupita. Wanashika nyundo na mapanga, wanabomoa nyumba mbili tatu ambazo bado hazijashika moto, ili moto ukifika hapo ukose cha kuteketeza.

Kunapopambazuka, mwenye nyumba iliyobomolewa anasimama juu ya mabati yake akilalamika: "Moto haukufika kwangu. Mbona mkanibomolea bure?"

Je, wewe ungemjibu vipi? Moto haukuendelea kwa sababu nyumba yake iliondolewa njiani. Hata hivyo, uchungu wake ni wa kweli, kwani usiku ujao hana pa kulala.

Malalamiko kama hayo ndiyo yaliyosikika katika nyumba nyingi wakati wa janga la Covid-19. Mnamo Machi 13, 2020 Kenya ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza. Siku mbili baadaye, wagonjwa wakiwa watatu tu, Rais Uhuru Kenyatta aliamuru shule zifungwe. Kufikia Machi 27 kulikuwa na kafyu ya kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Wengi waliuliza: nchi nzima ifungiwe milango kwa sababu ya watu wa kuhesabika kwa vidole?

Ni swali la haki, na linastahili jibu.

Hesabu ya maradhi

Chukua kalamu na karatasi, nawe mwanafunzi umsaidie mzazi wako. Tuseme ugonjwa umeingia mjini na mtu mmoja, na idadi ya wagonjwa inaongezeka maradufu kila baada ya siku tatu. Siku ya tatu ni wawili, ya sita ni wanne, ya tisa ni wanane. Hakuna anayeshtuka. Siku ya 15 ni 32, idadi inayoweza kutosha katika matatu moja. Lakini siku ya 30 ni 1,024!

Tazama vyema. Anayesubiri kwa siku 15 "ili aone kwanza" hakabiliani na tatizo lile lile likiwa limekua kidogo. Anakabiliana na tatizo lililokua mara 32.

Tena kuna jambo jingine. Mtu haanguki kitandani siku ile ile anapoambukizwa. Siku kadhaa hupita kabla hajaanza kukohoa, na nyingine kabla hajapimwa. Kwa hivyo idadi unayotangaziwa leo ni habari ya siku zilizopita. Ukingoja hadi uwaone wagonjwa kwa macho yako, umechelewa.

Miji miwili ya 1918

Labda utasema hizi ni hesabu za ubaoni tu. La hasha! Yametokea, na yameandikwa.

Mwaka wa 1918, vita vikuu vya kwanza vikikaribia kumalizika, homa kali ya mafua ilizunguka dunia nzima. Haikuwa na chanjo wala dawa. Nchini Marekani, ilifika katika mji wa Philadelphia mwezi wa Septemba. Wakuu wa mji walijua kuwa ugonjwa umeingia. Hata hivyo, mnamo Septemba 28 waliruhusu gwaride kubwa la kuchangisha fedha za vita, na watu wapatao 200,000 wakafurika barabarani. Siku chache baadaye hospitali zilijaa. Mnamo Oktoba 3 wakuu hao waliamua kufunga shule, makanisa na kumbi za sinema, lakini maji yalikuwa yamekwisha kumwagika.

Katika mji wa St. Louis mambo yalikuwa tofauti. Wagonjwa wa kwanza miongoni mwa raia waliripotiwa Oktoba 5. Siku mbili tu baadaye, mkuu wa afya wa mji huo, Dkt Max Starkloff, aliagiza shule, kumbi na makanisa yafungwe na mikutano ipigwe marufuku. Wafanyabiashara walinung'unika. Yeye alishikilia uamuzi wake.

Watafiti waliolinganisha miji hiyo miaka mingi baadaye walipata kwamba, katika wiki iliyokuwa mbaya zaidi Philadelphia, watu 257 walifariki kwa kila wakazi 100,000. Katika wiki mbaya zaidi ya St. Louis masharti yakiwa bado yanatekelezwa, walifariki 31. Philadelphia ilizika zaidi ya watu 12,000 katika muda wa wiki chache.

Zingatia jambo moja, msomaji. Philadelphia nayo ilifunga shule na biashara zake. Haikuokoa chochote kwa kuchelewa. Ililipa gharama ya kufunga, kisha ikalipa na ya makaburi.

St. Louis nayo ina funzo jingine. Ilipolegeza masharti katikati ya Novemba, ugonjwa ulipanda tena na ikalazimika kuyarudisha.

Homa hiyo hiyo haikutusahau sisi. Iliingia kupitia bandari ya Mombasa mnamo 1918 na kusambaa hadi bara. Watafiti wanakisia kuwa iliua watu wapatao 150,000 nchini Kenya.

Ni nani atamlipa aliyebomolewa?

Sasa turudi kwa yule jirani aliyesimama juu ya mabati. Itakuwa dhuluma kumwambia anyamaze tu kwa sababu mtaa umeokoka.

Katika 2020, mama mboga aliyetegemea wateja wa jioni alipoteza riziki kafyu ilipoanza. Watoto wengi hawakurudi darasani hadi Januari 2021. Polisi walilaumiwa kwa kuwapiga raia waliowapaswa kuwalinda. Hayo hayawezi kufunikwa kwa kusema "ilikuwa lazima". Rungu si dawa ya maradhi.

Lakini hayo hayathibitishi kuwa ilikuwa makosa kuchukua hatua mapema. Yanatufundisha kwamba hatua kali ni lazima iandamane na chakula kwa asiye na akiba, ukweli kutoka kwa viongozi, na siku inayojulikana ya kupima upya kama masharti bado yanafaa. Kufunga mapema hakumaanishi kufunga milele. Ni kununua muda: wa kuujua ugonjwa, wa kuandaa vitanda na oksijeni, na wa kungoja chanjo, ambazo kwetu zilianza kuwasili Machi 2021. Muda huo ukinunuliwa kwa jasho la wananchi kisha uchezewe, hapo wana haki ya kukasirika.

Siku moja ugonjwa mwingine utakuja. Huenda ukatangaziwa wagonjwa watatu na kuamriwa ukae nyumbani. Usiulize tu, "Wagonjwa wako wapi?" Uliza: watakuwa wangapi baada ya siku 30 tusipofanya lolote? Kisha uliza: jirani yangu asiye na akiba atakula nini tukifunga?

Na ikiwa baadaye wagonjwa watakuwa wachache kuliko ilivyohofiwa, usiharakishe kusema tulidanganywa. Pengine moto ulifika pale palipobomolewa, ukakosa cha kuteketeza. Basi mshike mkono yule jirani, mumjengee nyumba yake upya.